TAHADHARI: kadi ya grafiki GTX 1050 Ti yenye tundu la VGA ni feki, usitume pesa

Wenzangu wa Amu, Malindi na kwengineko mnaoagiza vifaa vya kompyuta kutoka Mombasa kwa simu, someni hapa kwanza.

Mimi nakata video za harusi, nipo Langoni hapa Amu (Lamu). Harusi za Mfungo Mosi zilikuwa zinakaribia na mashine inakokota, nikaona tangazo la kadi ya grafiki, ile inayotengeneza picha ya skrini: GTX 1050 Ti ya GB 4, Sh 9,500. Muuzaji mwepesi wa maneno, kila jibu "bosi wangu". Nikamtumia kwa M-Pesa, mzigo ukapanda basi hadi Mokowe, ukavuka kwa boti.

Nikaichomeka. Feni inazunguka, skrini nyeusi tii.

Kosa langu ni kwamba sikuishuku kadi, niliishuku chumvi. Anayekaa karibu na bahari anajua inavyokula vyuma. Nikasugua meno ya kadi kwa raba ya kufutia, nikatoa RAM nikairudisha, nikahakikisha waya wa skrini umeingia kwenye kadi na si kwenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta), nikaazima hata pawasaplai ya jirani. Siku mbili zimepotea. Muuzaji naye ananijibu, "Bosi, kadi nimeijaribu mwenyewe, tafuta fundi, CPU yako ndiyo mbovu."

Fundi nikampata. Alitoa kadi, akarudisha waya wa skrini kwenye madabodi, picha ikaja. Akaingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kuwashia mashine, akazima ulinzi wa Secure Boot na kuwasha CSM, njia ya kuwashia vifaa vya zamani, kisha akairudisha kadi. Skrini ikawaka! Mimi nafurahi, yeye amenuna. Akaniambia 1050 Ti ilitoka mwaka 2016, na kadi za umri huo huwaka kwenye UEFI, mtindo mpya wa kuwasha kompyuta, bila kubembelezwa. Inayodai CSM mara nyingi ni kizee cha zamani.

Tukashusha GPU-Z, programu ya bure na ndogo tu ya kukagua kadi za grafiki. Mbele ya jina la kadi imeandikwa FAKE. Koa za CUDA, vichakataji vidogo vya ndani ya kadi, zinazotakiwa ni 768, hii ina 192, hesabu ya GTS 450, kadi ya kampuni ya Nvidia ya mwaka 2010. Wanachofanya ni kuiandika upya BIOS ya kadi yenyewe, programu ndogo iliyomo ndani yake, ndiyo maana Windows inakusomea "GTX 1050 Ti" bila aibu. Ukiangalia jina peke yake utaapa ni halali. Ukifungua kazi nzito ndipo inapoganda au kujizima, na draiva mpya za Nvidia haziielewi.

Na dalili ilikuwa mbele ya macho yangu tangu kwenye picha ya tangazo: tundu la VGA, lile la buluu lenye vishimo 15. Chipu ya 1050 Ti haitoi picha ya VGA kabisa, Nvidia waliiacha njia hiyo kwenye kizazi hicho. Tena hii ilidai waya wa umeme wa pini sita, wakati 1050 Ti nyingi hutosheka na wati 75 za kwenye madabodi. Lakini hilo la waya msilifanye hukumu, zipo halali zenye pini hizo. La VGA ndilo la kushikilia.

Kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji apige video kadi ikiwa ndani ya mashine, GPU-Z imefunguliwa na upande wa matundu unaonekana, na ataje jina lako kwenye video hiyo hiyo. Mimi nilitumiwa picha moja tu, nami nikaridhika.

Nilipomtumia picha ya GPU-Z alisoma, akanyamaza, kisha akaniblok. Juzi rafiki yangu wa Malindi kanionyesha tangazo kwenye ukurasa wenye jina jingine. Meza ni ile ile, kitambaa kile kile cha maua, bei imepungua mia tano, na tundu la buluu linaonekana waziwazi.