Kushika hazina ya mradi wa programu huria kwa Open Collective: uzoefu wangu

Nimetumia Open Collective, jukwaa la mtandaoni la kupokea na kulipa pesa za kikundi, nikiwa mweka hazina wa mradi wa programu huria ambao watunzaji wake wametawanyika katika nchi kadhaa. Kama mradi wenu una zaidi ya watu wawili wanaogusa pesa, naipendekeza bila kusita, kwa sababu daftari liko wazi. Kinachoingia na kinachotoka kinaonekana na yeyote, hata asiye na akaunti, na minong'ono ya "pesa zinaenda wapi" inakosa pa kuanzia. Ila kazi ya uongozi inabaki kwenu. Msipokubaliana mapema nani anaidhinisha nini, madai ya malipo yatarundikana hata kama salio ni nono.

Kuna vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya. Open Collective ni jukwaa, yaani daftari na dirisha la malipo. Anayezishika pesa zenyewe benki ni mlezi wa fedha: taasisi iliyosajiliwa kisheria, inayopokea michango kwa niaba yenu ili msilazimike kusajili chama wala kufungua akaunti. Kwa programu huria mlezi anayefahamika zaidi ni Open Source Collective ya Marekani, ambayo hukata asilimia 10 ya mchango. Februari 2024 mlezi mwingine mwenye jina linalokaribiana, Open Collective Foundation, alitangaza kwamba atafunga shughuli mwisho wa mwaka huo. Vikundi vilivyokuwa chini yake vikabidi vitafute mlezi mpya au vitumie salio hadi liishe, ilhali jukwaa na Open Source Collective viliendelea na kazi. Kwa hiyo someni masharti ya mlezi mwenyewe, hasa kipengele cha salio: mkihama linakwenda wapi, na akifunga yeye linakwenda wapi.

Sasa makato, maana hapa ndipo bajeti nyingi huharibika. Kadi ya Marekani inayopita Stripe, kampuni inayoshughulikia malipo ya kadi, hukatwa asilimia 2.9 na senti 30 juu yake. Mtu akichanga dola 100, kadi inakula dola 3.20, mlezi anachukua 10, mnabaki na 86.80. Hiyo inavumilika. Lakini anayechanga dola 5 kila mwezi anakatwa senti 45 za kadi na senti 50 za mlezi, mnapata 4.05, yaani karibu dola nzima imekwenda. Kwa mwaka mnapata 48.60. Mtu yuleyule akilipa dola 60 kwa mkupuo mmoja, mnapata 51.96. Kadi za nje ya Marekani huongezewa asilimia 1.5. Ndiyo maana kwenye ukurasa wa michango naweka ngazi ya mwaka juu kabisa, na ile ya mwezi haishuki chini ya dola 10. Waelezeni wafadhili pia kwamba wakati wa kulipa wataombwa bakshishi ya jukwaa: ni ya hiari, na wanaweza kuiweka sifuri.

Kwa mtunzaji mmoja anayefanya kazi peke yake, GitHub Sponsors, mfumo wa michango wa tovuti ya GitHub ambako miradi mingi huhifadhi msimbo wake, inamtosha, tena mchango wa mtu binafsi haukatwi ada. Tatizo lake ni kwamba kwa kawaida pesa huingia kwa mtu, na jamii inabaki kuuliza. Inawezekana kuielekeza kwa mlezi wa fedha, na hivyo ndivyo ninavyoshauri mkishakuwa wengi.

Madai ya malipo ndiyo moyo wa shughuli nzima. Yako ya aina mbili. Fidia ni kurudishiwa pesa uliyotumia, na inataka risiti. Ankara ni malipo ya kazi. Dai zuri linasomeka hivi: "Seva ya majaribio, Machi 2025, dola 24", risiti imeambatishwa, ina jina la muuzaji, tarehe, bidhaa na kiasi. Dai baya linasema "gharama za seva" na limeambatishwa picha ya ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe ule unathibitisha kwamba pesa ilitoka, hausemi ilinunua nini, na mhasibu wa mlezi ataurudisha. Chukueni ankara kwenye akaunti ya muuzaji, hata kama ni ya dola 3. Na kichwa cha dai huonekana hadharani, kwa hiyo msiandike humo anwani ya mtu wala sababu ya ugonjwa wake. Viambatisho havionekani kwa umma.

Ankara za kazi zina jambo la kodi. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 2025, kiwango kilikuwa dola 600 kwa mwaka: mpokeaji akifika kiwango, mlezi wa Marekani anamdai fomu ya kodi. Asiye raia wala mkazi wa Marekani hujaza W-8BEN, kampuni ya nje hujaza W-8BEN-E. Malipo husimama hadi fomu ifike. Mwambieni mtu aijaze siku anapokubaliwa kazi, asingoje siku anapodai. Fidia za risiti hazihesabiwi humo.

Kwa mpokeaji aliye Kenya, njia ninayoiamini ni Wise, huduma ya kutuma pesa kimataifa, kwenda benki au M-Pesa. Jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyosajiliwa benki au kwenye laini. "Mama Asha" akisajiliwa kwa majina matatu, matatu yote yaandikwe, la sivyo malipo hurudi, na kurudi huchukua siku kadhaa. Kwa kiasi kikubwa nendeni benki, maana M-Pesa ina kikomo kwa kila muamala.

Kampuni zikitaka kuchangia maelfu, hazipendi kadi. Zinataka ankara, namba ya agizo lao la ununuzi, na fomu ya kodi ya mlezi. Uhamisho wa benki huja na namba ya kumbukumbu, na mhasibu wa kampuni akiisahau, pesa inafika kwa mlezi haina mwenyewe. Kwa mlezi mmoja tuliyemtumia, mchango wa namna hiyo ulilala wiki tano mpaka tulipopeleka hati ya benki ya mtumaji. Tangu hapo namba hiyo naiandika kwenye mstari wa kwanza wa barua pepe, na tena ndani ya ankara. Ahadi isiyofika benki msiihesabu kwenye bajeti.

Michango ya kila mwezi nayo huvuja kimya kimya: kadi zinakwisha muda. Mfumo humtaarifu mwenye kadi, lakini ujumbe mfupi wa mtu anayemfahamu humrudisha haraka zaidi. Hata mradi mkubwa haujikingi kwa umaarufu. Mei 2021 Babel, zana huria ya kubadilisha msimbo wa JavaScript inayotumiwa na mamilioni, ilitangaza hadharani kwamba fedha zake zinaisha.

Utaratibu wangu wa mwezi uko hivi. Tarehe 1 napakua miamala kwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, na kuilinganisha na orodha ya gharama za lazima: kikoa (jina la tovuti), seva, huduma ya majaribio. Salio lisishuke chini ya miezi mitatu ya gharama hizo. Likigusa hapo, kazi mpya za kulipwa zinasimama. Dai hadi dola 200 linaidhinishwa na mtu mmoja, zaidi ya hapo wawili. Washeni pia mpangilio unaomzuia msimamizi kuidhinisha dai lake mwenyewe. Kwetu dai likikaa siku saba bila jibu, mweka hazina anaulizwa mbele ya wote, na hilo limesaidia kuliko kikumbusho chochote cha mfumo.

Wekeni wasimamizi watatu, kila mmoja na uthibitisho wa hatua mbili, tena misimbo ya dharura isikae kwenye simu ileile. Anayeondoka aondolewe siku hiyohiyo, baada ya kuangalia kama ndiye mwenye kadi inayolipia kikoa. Na mkiamua kufunga kikundi, salio lazima lifike sifuri kwanza: lipeni madai yaliyobaki, kisha kilichosalia kipelekeni kwa mradi mwingine ulio chini ya mlezi huyohuyo, ikiwezekana ule ambao msimbo wenu unautegemea.