Nililipia Lamborghini, nikakabidhiwa gari la umeme

Niseme mapema, ili asiye na muda wa kusoma hadi mwisho aondoke na hili: duka la kukodisha magari ya kifahari nililoliendea hapa Dubai halitaiona pesa yangu tena. Gari walilonipa ni habari nyingine, nitaifikia, maana kuhusu gari lenyewe moyo wangu haujatulia hadi leo.

Niliweka oda ya Lamborghini Huracán EVO. Nikalipa amana, nikatumiwa ujumbe wa kuthibitisha, umetaja hadi rangi ya gari. Mpwa wangu alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Tanga, na nilikuwa nimemwahidi kitu kimoja: tutapita ile barabara ya kutoka Sharjah kwenda Khorfakkan, iliyofunguliwa mwaka 2019, inayopenya milima kwa mahandaki matano. Handaki la Al Sidra peke yake lina urefu wa kilomita 2.7. Mpenda injini ameshajua nilikuwa nakwenda kutafuta nini mle ndani. Vioo vyote chini, gia ndogo, V10, injini ya silinda kumi, inapanda hadi inakaribia mstari mwekundu wa mizunguko, na zege la handaki linakurudishia mlio wote usoni.

Tukafika dukani. Kijana wa kaunta, Mswahili mwenzetu mwenye lafudhi ya Mombasa, hakutuamkia wala hakuinua macho kwenye simu yake. Akasema Huracán imetoka na mteja mwingine, sisi tumeandaliwa nyingine. Akasukuma mbele yangu ufunguo wa Porsche Taycan Turbo S. Nikamwambia bwana mdogo, mimi sikuja kuchukua gari la umeme, soma oda yangu. Ndipo aliponitolea maneno ambayo mpaka sasa yamenikwama kooni: "Mzee, wewe wataka mwendo ama wataka kelele?"

Akaendelea, bado anapekua simu. Hii yaishinda ile, akasema. Taycan inafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 2.8, Huracán kwa sekunde 2.9. Kwa hiyo nishukuru, nimeongezwa.

Sehemu moja ya kumi ya sekunde! Huyu kijana anakaa katikati ya magari hayo kutwa nzima, na anaamini mtu anatoa mshahara wake kwa ajili ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Mimi ni fundi wa injini za malori, na maisha yangu yote nimeyaendesha kwa masikio. Fundi husikiliza gari kabla hajafungua boneti. Valvu zikilegea unazisikia, beringi ikianza kufa unaisikia, silinda moja isipochoma vizuri unaijua kabla mwenye gari hajamaliza maelezo yake. Sasa chukua injini ya silinda kumi, inayovuta hewa yenyewe bila turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, inayozunguka zaidi ya mara 8,000 kwa dakika. Turbo hukaa kwenye njia ya moshi na kumeza sehemu kubwa ya mlio. Kwenye Huracán hakuna kinachomeza. Unachokisikia ni moto wenyewe, mlipuko baada ya mlipuko, unatoka wazi. Na injini hiyo ndiyo inaondoka duniani: mwaka 2024 Lamborghini walimtambulisha mrithi wa Huracán, Temerario, mwenye V8 ya turbo mbili na mota tatu za umeme. Zilizobaki barabarani ndizo hizohizo. Ndiyo maana niliweka oda mapema. Ndiyo maana nilikasirika vile.

Tulichukua Taycan. Mpwa wangu alikuwa na siku chache tu, na sikutaka azitumie kunitazama nikigombana.

Haki itendeke sasa. Nje ya mji tulisimama mbele kabisa kwenye taa, njia zote wazi. Ilipogeuka kijani nikakanyaga. Sijawahi kusukumwa hivyo na kitu chochote chenye magurudumu. Mota ya umeme haingoji mizunguko ipande, nguvu yake yote iko pale tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Kichwa kiligonga kiti, tumbo likapanda, mpwa wangu akapiga ukelele wa furaha, "Mjombaaa!", nami nikacheka kwa sauti. Tukarudia. Kwa nusu saa hivi nilikuwa tayari kumsamehe yule kijana. Nilijiambia huenda ana haki, huenda sisi wa injini ni wazee tunaolilia kuni wakati watu wanapikia gesi.

Halafu tukaingia handaki la Al Sidra.

Nilishusha vioo kama nilivyoahidi. Nikakanyaga. Matairi yakavuma, upepo ukavuma, basi. Porsche wameweka mlio wao wa spika, wameuchukua kwenye mota wakausafisha na kuukuza, na wamefanya kazi safi. Lakini ulikuwa unatoka kwenye gari kuja masikioni mwangu, ukutani haukufika. Handaki zima, zaidi ya kilomita mbili na nusu, na hakuna kilichorudi. Mpwa wangu akauliza kwa heshima, "Mjomba, ndiyo hapa ulipokuwa unasema?" Nilishindwa cha kumjibu, na hasira yote ya kaunta ikarudi imezaa.

Hapo ndipo nilipoelewa kinachonikera. Gari la umeme ni bendi inayoanza wimbo kwenye sebene. Inakupa kilele papo hapo, na baada ya hapo haina pa kukupeleka. Mara ya kwanza unalia kwa raha, baada ya muda unakanyaga tu kwa mazoea. V10 inakuimbia kwanza, inakupandisha ngazi kwa ngazi, na ukibadilisha gia inakushusha kidogo ili ikupandishe tena. Na hata watengenezaji wanalijua hili. Hyundai, kwenye gari lao la umeme Ioniq 5 N, wameweka gia za kuigiza na mlio wa kuigiza. Kama ukimya ungetosha, wangehangaika hivyo kwa nini?

Kuna jambo la usalama pia, na hili nalisema nikiwa fundi. Kwenye kona za mlimani injini inakuambia mwendo wako bila kutazama dashibodi. Kwenye Taycan nilikuwa najikuta juu ya mwendo niliodhani ninao, na nchi hii imejaa kamera. Uzito nao unausikia kila unapofunga breki kabla ya kona. Zaidi ya tani mbili hazifichiki. Ila imetulia, nakiri. Kona ambayo lori langu lingeipita kwa dua, Taycan iliipita kana kwamba imelazwa kwenye reli. Na ni gari zuri. Mgongo wake ukiutazama kwa nyuma jioni, unabaki unautazama.

Tuliporudisha, yule kijana akatazama kiwango cha betri akasema imerudi pungufu, akanikata pesa ya kuchaji kwenye amana. Nikadai tofauti ya bei, maana Huracán ndiyo niliyolipia. Akasema gari za umeme kwao ni daraja moja na zile, hakuna tofauti. Nikaomba kuonana na bosi wake. Bosi hayupo. Nikaomba namba ya bosi. Akasema niandike barua pepe. Nimeandika, nimekumbushia, kimya.

Basi duka nyota moja, kwa sababu hakuna sufuri. Taycan nilitaka kuipa tatu. Lakini mpwa wangu amerudi Tanga na kila akipiga simu anataja ile taa ya kijani, habari ya mahandaki haigusi kabisa, na siwezi kuidharau furaha yake. Nne. Ya tano siitoi, hata nikibembelezwa.

Yeye anataka akirudi tuchukue tena la umeme. Nimemwambia bado. Nimepata duka jingine lenye Huracán, na safari hii sikuridhika na ujumbe wa kuthibitisha. Nilimpigia mwenye duka, nikamwomba aende nalo nje aliwashe simu ikiwa hewani. Akaliwasha, akapiga resi mbili bila hata kuulizwa. Nikalipa amana palepale.