Piridostigmini miligramu 60 kwa miasthenia gravisi: uzoefu wangu Nairobi

Nyota nne kati ya tano. Kidonge hiki huinua kope, hurudisha sauti na kukuwezesha kutafuna, mradi ukimeze kwa saa yake.

Katika miasthenia gravisi, ugonjwa wa kulegea misuli, kinga ya mwili kwa wengi hushambulia vipokezi vya asetilikolini (kemikali ya neva inayouamuru msuli ukaze) pale neva inapokutana na msuli. Piridostigmini haigusi kinga hiyo. Huzuia tu kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, ili ile inayofika idumu zaidi. Ndiyo maana daktari huweza kuongeza prednisoloni au azathioprini, dawa za kutuliza kinga. Wenye kingamwili za MuSK (protini nyingine ya msuli, inayoshambuliwa badala ya vipokezi hivyo) wengi hawapati nafuu kubwa kwa kidonge hiki, na kwao nyota zangu hazina maana.

Huanza kufanya kazi baada ya dakika 30 hadi 45, kisha hudumu kama saa 3 hadi 4. Mimi huhesabu kurudi nyuma kutoka kwenye chakula. Kama mchana ni githeri au nyama choma, meza saa nzima kabla. Usingoje koo lilegee, maana utapaliwa na kidonge chenyewe.

Ubaya wake uko tumboni: kusokotwa, kuharisha, mate na jasho, kwa sababu asetilikolini huzidi huko pia. Kipande cha mkate au nusu kikombe cha uji hupunguza. Kuanza na nusu kidonge, kwa maelekezo ya daktari, husaidia pia.

Kuongeza vidonge kiholela ni hatari kweli. Dozi ikizidi, udhaifu hurudi uleule, safari hii na mate mengi, misuli kuchezacheza na mboni kuwa ndogo. Mtu asiyejua huongeza tena.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya unyevu. Vidonge hivi huunyonya upesi, hasa msimu wa mvua. Kataa kuhesabiwa kwenye bahasha ya khaki. Omba chupa yenyewe, acha kile kipakiti cha kukausha ndani, na utoe vya siku hiyo tu. Tena si kila kemisti huwa na dawa hii. Piga simu kabla ya kupanda matatu kwenda mjini, na uanze kuitafuta ukibakiwa na ya wiki mbili.

Kwenye kemisti hiyohiyo, sema ugonjwa wako kabla hujauziwa chochote. Siprofloksasini na azithromaisini hutolewa kirahisi mno kwa tumbo na kikohozi, nazo zinaweza kuzidisha udhaifu. Jentamaisini, kwinini na propranololi vilevile. Andika majina hayo kwenye karatasi, uiweke pamoja na kitambulisho.

Udhaifu huu huweza kufika hadi kwenye misuli ya kupumua. Kipimo cha pumzi ninachokiamini: vuta pumzi kamili, kisha hesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine. Mwenye mapafu na misuli mizima hufika karibu 50 kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili "ishirini na moja" ni ndefu, hivyo jua namba yako ya siku njema na uhesabu kwa lugha ileile kila mara. Ikishuka sana, au ukishindwa kumeza mate, usiongeze kidonge wala usisubiri dozi inayofuata. Nenda hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi, saa hiyohiyo, ukiwa na chupa mkononi.