Gemu za kucheza kwa mwili: ipi uanze nayo kwa nyumba yenye watu wengi

Mtu akiniuliza anunue gemu gani ya kuchezwa na nyumba nzima, siku ya Idi au wageni wakija kutoka Lamu, nami humuuliza: hapo nyumbani ni nani hajawahi kushika rimoti ya gemu? Kila nyumba yuko. Ni nyanya, ni shangazi, ni mtoto ambaye hata shule hajaanza. PlayStation ya kijana wako haiwafai hao. Rimoti yake imejaa vitufe, na shangazi hajajua bado kipi cha kupigia mpira, kashafungwa mabao manne.

Gemu za vijichezo vya haraka ni kitu kingine kabisa. Skrini inatoa amri ya neno moja au mawili: inama, sukuma, kamata. Una kama sekunde tano hivi, mkono unafanya kile unachofanya kila siku, halafu kijichezo kimekwisha na kingine kimeingia. Ukikosea, hakuna wa kukucheka kwa muda mrefu, maana zamu imeshahama. Napenda sana gemu hizi kwa sababu hiyo: mjuzi na asiyejua wanaanza mahali pamoja. Basi nimezipanga kwa mambo mawili tu, mgeni kabisa anaingia upesi kiasi gani, na ni watu wangapi wanacheza bila wewe kurudi dukani kununua rimoti nyingine.

1. WarioWare: Smooth Moves, kwenye Wii ya mtumba

Najua wengi watashangaa. Wii, ile mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo, ilitoka mwaka 2006 na leo utaipata ya mtumba tu. Lakini Smooth Moves ina vijichezo zaidi ya 200, na inaweza kuchezwa na watu hadi 12 kwa rimoti moja inayopita mkono kwa mkono. Rimoti moja! Kwa ukumbi wa Majengo au Kibokoni hapa Mombasa, wenye binamu kumi wamekaa mkekani, hiyo inatosha kabisa.

Kabla ya kijichezo, unaonyeshwa namna ya kushika rimoti. Mara uiweke puani iwe mkonga wa tembo, mara juu ya kichwa, mara kiganjani kama mhudumu aliyebeba sinia. Watu wanaanza kucheka mchezo wenyewe haujaanza. Jambo moja ulijue mapema: sehemu ya watu wengi imefungwa mpaka mtu mmoja amalize hadithi ya mchezaji mmoja. Mpe kijana wa nyumba kazi hiyo siku chache kabla ya wageni.

Sasa ununuzi wenyewe, maana Wii ya mtumba ina mitego. Tafuta iliyotoka Uingereza. Plagi yake ya miguu mitatu inaingia kwenye soketi zetu, na adapta yake inahimili stima yetu ya volti 240. Ile ya Marekani imetengenezewa volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja umeiunguza. Tena Wii haisomi diski ya eneo jingine, kwa hiyo diski ya Kimarekani haitafunguka kwenye mashine ya Ulaya. Ukiwa dukani, linganisha maandishi ya mashine na ya diski kabla ya kutuma M-Pesa.

Halafu kuna ule ufito mwembamba unaokaa juu au chini ya TV. Kazi yake ni kutoa mwanga usioonekana kwa macho, ambao kamera iliyo kwenye pua ya rimoti huutafuta. Mwambie muuzaji awashe mashine, kisha uutazame ufito kupitia kamera ya simu yako. Ukiwa mzima, mara nyingi utaona vitone vya mwanga huku na huku. Usipoona kitu, jaribu simu nyingine kabla hujaulaumu. Fungua pia kifuniko cha betri za rimoti. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, na betri zilizosahaulika ndani huvuja. Vile vibati vikiwa na kutu ya kijani, punguza bei au uiache. Mwisho uangalie TV yako. Wii inatoa picha kwa waya za rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano, na TV nyingi mpya hazina matundu hayo. Itakubidi ununue kigeuzi kidogo cha HDMI.

2. Super Mario Party, kwenye Nintendo Switch

Hii ni ya mwaka 2018, ya Switch, mashine nyingine ya Nintendo. Ina vijichezo 80, na kila mchezaji anashika Joy-Con moja, yaani rimoti ndogo ya Switch. Ruka ile sehemu ya ubao wa kurusha dadu kama kuna wazee au watoto wadogo, unakula saa nzima na zaidi. Ingia moja kwa moja kwenye vijichezo. Kipo kimoja cha kukaanga nyama. Kipande kina pande sita, Joy-Con ndiyo kikaango chako, na unakitikisa kwa kiasi ili nyama igeuke mpaka kila upande uive. Ukitumia nguvu inarukaruka na kurudia upande uleule. Hapo mama aliyezoea jikoni anamshinda kijana anayeshinda kwenye gemu kutwa, na anamshinda kwa haki.

Gharama ndiyo iliyoishusha hadi namba mbili. Switch inakuja na Joy-Con mbili, yaani watu wawili. Wanne wanataka jozi ya pili, nayo ni gharama nyingine. Ukinunua Joy-Con zilizotumika, ingia kwenye mipangilio ya vidhibiti, ufungue sehemu ya kurekebisha vijiti, vile vya kusukuma kwa kidole gumba, uachie kidole. Alama ikitembea yenyewe, kijiti kimechoka.

Usibebe Switch Lite kwa sababu ni rahisi. Joy-Con zake hazitoki na haiunganishwi na TV. Na usichanganye na Mario Party Superstars ya mwaka 2021: ni nzuri, lakini ni ya vitufe.

3. WarioWare: Move It!, kwenye Switch

Ni ndugu ya ile namba moja, ya mwaka 2023, nayo ina vijichezo zaidi ya 200. Kwa kicheko ingekuwa juu. Tatizo, hadithi yake kuu inataka kila mtu ashike Joy-Con mbili, kwa hiyo wawili wakicheza pamoja ni nne. Mwenye Switch 2, ile mashine mpya, pia ajue kwamba Joy-Con zake hazina kamera iliyo chini ya Joy-Con ya kulia ya zamani, na baadhi ya vijichezo vinaihitaji; utatafuta za zamani.

4. 1-2-Switch

Michezo 28 tu, na inachosha upesi. Ila wachezaji wanatazamana machoni badala ya kutazama skrini, na Switch ina betri yake. Stima ikipotea saa mbili usiku, hii ndiyo inayoendelea kuchezwa kibarazani. Ukiipata kwa bei ya chini, chukua.

5. Kinect ya Xbox 360

Ni kamera inayounganishwa na mashine ya Xbox 360. Haina rimoti, mwili wako ndio unaocheza, na kwa hilo inavutia. Lakini inataka nafasi, kama mita 1.8 kwa mtu mmoja na mita 2.4 kwa wawili, kutoka kwenye kamera. Wenye kumbi kubwa za Nyali watajaribu. Kwa nyumba za Mji wa Kale, utatoa makochi nje kwanza.

Gemu yoyote utakayochukua kati ya zile nne za juu, kila rimoti iwe na kamba yake ya mkononi, na ifungwe kila zamu. Kwa joto letu viganja vinalowa jasho, na sakafu zetu ni vigae. Kama feni ya dari iko chini, simamisha wachezaji warefu mbali nayo. Na diski uijaribu palepale dukani, ikiwa na risiti.