libunwind, baada ya programu ya mizani kunitesa wiki mbili

Niko Nakuru, nilikuwa nimeandikia kituo kimoja cha maziwa huku Bahati programu ya C ya kusoma mizani na kadi ya mkulima, sio kitu kikubwa. Sasa kila siku saa kumi na mbili hivi asubuhi, watu wako laini na mitungi, inakufa na Segmentation fault (imegusa memori isiyo yake) na mimi napigiwa simu nikiwa bado na usingizi. Kwa laptop yangu haikufi hata ufanye nini!

Kwanza, nijue inafia fanksheni gani na nani aliiita, nikajifanya mjuaji nikafuata rbp kwa mkono (rejista ya CPU inayoelekeza kwa staki, ile memori ya fanksheni zinazoitana), yaani pale inapoelekeza unapata rbp ya aliyekuita, na baiti 8 mbele yake anwani ya kurudi, unapanda hivyo mpaka main, fanksheni programu inapoanzia. Kwa karatasi ni tamu. Lakini ukikompaili na -O2 (ya kuongeza kasi), kompaila ya GCC inachukua rbp kwa kazi zingine, mnyororo ukakatika hatua ya pili tu. Nikajaribu backtrace() ya glibc (maktaba ya kawaida ya C), nikaweka na -rdynamic ya kuacha majina ya fanksheni yaonekane, majina machache yakakuja lakini fanksheni za static (zinazojulikana ndani ya faili moja tu) zikabaki namba tupu, na kodi yangu karibu yote ni static.

Ndio nikawekea libunwind, maktaba ya kupanda staki na kukuonyesha nani alimwita nani. unw_getcontext, unw_init_local, halafu unazungusha unw_step mpaka ikupe 0 (umefika mwisho) au hasi (kuna kosa), jina unaitisha kwa unw_get_proc_name. Haina haja na rbp, inasoma .eh_frame, jedwali la kupanda staki ambalo kompaila huweka ndani ya programu, na static zinaonekana bora usiwe umepitisha strip, ile ya kufuta majina ndani ya programu. Mimi nilikuwa nimepitisha, nikakaa lisaa nikishangaa majina yameenda wapi. Haikupi namba ya mstari, hiyo utatafuta na addr2line (inageuza anwani kuwa faili na mstari), na fanksheni ambayo kompaila imemeza ndani ya ingine hutaiona. Na kama staki yenyewe imeharibika kwa kuandikwa vitu vingine juu yake, sahau.

Asubuhi iliyofuata logi ikaonyesha vitu vya libc (hiyo maktaba ya C) juu, chini yake soma_kadi. Kumbe atoi, ya kugeuza maandishi kuwa namba, inapewa NULL, yaani anwani tupu! Kadi ya mzee mmoja imekwaruzika, namba haisomeki, strtok, ya kukata maandishi vipande, inarudisha NULL na mimi sikuwa nimeangalia. Na huyo mzee hajawahi kukosa kuwa wa kwanza kwa laini.

Naipa nne kwa tano. Mzee tumempa kadi ingine.