Kanda za kupima virusi vya maharage shambani: uzoefu wangu

Ninazalisha mbegu za maharage, na katika kazi hii macho peke yake hayatoshi, kwa kuwa jani lenye mabaka ya kijani kilichokolea na kijani kilichopauka huenda limeshambuliwa na virusi, limekosa virutubisho, au limeguswa na dawa ya magugu iliyopeperushwa na upepo. Kwa sababu hiyo nilinunua kanda za kupimia zinazotambua protini ya virusi kwa kutumia kingamwili.

Matumizi yake ni mepesi. Unachuma jani changa lenye dalili, unalitia kwenye mfuko wenye kimiminika, unalisugua mpaka utoke utomvu wa kijani, kisha unachovya ncha ya ukanda. Mstari wa uthibitisho usipotokea, kipimo hicho hakifai. Mstari wa pili ukitokea, hata kama umefifia, virusi vipo. Ni muhimu kusoma majibu ndani ya muda ulioelekezwa, maana ukanda ukishakauka huweza kuonyesha kivuli cha mstari kisicho na maana yoyote.

Tatizo ni kwamba kanda hizi hupima kundi zima la potivirusi. Humo mna virusi vya batobato ya kawaida ya maharage (BCMV), vya batobato inayoua tishu (BCMNV) na vya batobato ya njano (BYMV), na ukanda hauvitofautishi. Kwa mzalishaji wa mbegu tofauti hiyo ndiyo kila kitu: viwili vya kwanza hupita kwenye mbegu ya maharage, ilhali vya njano kwa kawaida havipiti. Tena, aina za maharage zenye jeni ya I, ambayo ni jeni ya ukinzani, hustahimili BCMV, lakini zikipatwa na BCMNV hunyauka, na ukipasua shina au mzizi unakuta mishipa imekuwa myeusi. Kwa hiyo sampuli zilizoonyesha mstari nilizipeleka maabara zikapimwe kwa PCR, yaani kipimo cha vinasaba vya kirusi; majibu yalichelewa, lakini yalitaja kirusi chenyewe.

Vilevile, kukosekana kwa mstari hakuthibitishi kwamba mmea ni mzima, kwa sababu virusi vya batobato ya tango na vile vya dhahabu vinavyoenezwa na nzi weupe havimo katika kundi hili.

Anayelima maharage ya kula tu simshauri azinunue. Mmea ulioambukizwa hauna tiba, na kunyunyizia dawa vidukari, wadudu wadogo wanaoeneza potivirusi hivi, husaidia kidogo, kwani wadudu hao huambukiza ndani ya sekunde chache tu za kuonja jani. Bora ang'oe mimea yenye dalili mapema na kupanda mbegu safi. Kwa wazalishaji wa mbegu ninazipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeinyima kwa sababu kasha limeandikwa “virusi vya maharage” kwa herufi kubwa, na habari ya kwamba ni kipimo cha kundi imefichwa ndani, kwenye karatasi ya maelekezo.