5xFAD au APP NL-G-F: panya yupi kwa maabara ya Lubumbashi?

Hawa ni panya wawili waliobadilishwa jeni ili kuchunguzia ugonjwa wa Alzheimer. Kwa maabara yenye vizimba vichache, 5xFAD huwahi kutoa jibu. Amebeba mabadiliko matano ya jeni za binadamu, matatu kwenye APP (jeni ya protini inayozaa amiloidi) na mawili kwenye jeni ya PSEN1. Mabaka ya amiloidi, protini inayoganda kwenye ubongo, huanza akiwa na miezi 2 hivi, na baadaye hupoteza hata seli za neva. Majike hujaa mabaka kuliko madume, basi usiwachanganye kundi moja.

Hatari yake kubwa iko machoni. Ukoo wa B6SJL, mmoja wa koo za 5xFAD, hubeba rd1, badiliko la jeni linaloharibu macho: aliyerithi nakala mbili ni kipofu, atashindwa jaribio la kuogelea la Morris (kukumbuka jukwaa lilipo ndani ya maji) nawe utadhani amesahau. Pima rd1 kwa PCR, kipimo cha jeni, kwenye kipande kilekile cha sikio unachopimia jeni za 5xFAD, au anza na ukoo wa C57BL/6J.

APP NL-G-F, wa Japani, 2014, hazalishi APP kupita kiasi, na hilo ndilo linalomfanya aaminike zaidi. Lakini kumbukumbu yake hudhoofika taratibu, na badiliko lake moja la jeni, liitwalo Arctic, hugusa amiloidi yenyewe, hivyo kingamwili kadhaa haziishiki vizuri. Kujaribu dawa ya kingamwili, mwache.

Wote wawili hawatengenezi mafundo ya tau, protini nyingine inayojikunja ndani ya seli za neva za wagonjwa wa Alzheimer.

Juni na Julai usiku wa Lubumbashi ni baridi, na umeme hukatika. Bila jenereta ya kushika nyuzi 20 hadi 24 na mwanga wa saa 12, matokeo ya tabia hayaaminiki kwa yeyote kati yao.